Saini Bila Mlipaji

Juni 2013 Wizara ya Afya ya Kenya na chama cha madaktari, KMPDU, walitia saini makubaliano ya pamoja kuhusu mishahara na mazingira ya kazi. Desemba 5, 2016 madaktari wa hospitali za umma waligoma, wasirudi wodini kwa siku 100. Hawakuja na dai jipya. Walitaka karatasi ileile ya 2013 itekelezwe.

Tunaanza na mgomo huo kwa sababu makala nyingi tulizoletewa kwa toleo hili la majadiliano zinaishia pale wakubwa wanapopeana mikono. Zinaeleza nani alimsoma mwenzake vizuri, nani alijua kunyamaza, nani aliinuka mezani kwa hasira za kuigiza. Ni mambo matamu kusoma. Lakini mapatano mengi ya kwetu hayafii mezani. Hufia kwa mhasibu.

Tazama kilichoikwamisha ile karatasi. Ilisainiwa mwaka uleule ambao huduma nyingi za afya zilianza kuhamia kaunti 47 chini ya Katiba ya 2010. Magavana, waliokuwa wanageuka waajiri, hawakuwa upande wowote wa mkataba. Na asokuwapo na lake halipo. Serikali ikasema pia kwamba Tume ya Mishahara na Marupurupu haikushirikishwa. Juu ya yote, sheria ya kazi ya Kenya inataka makubaliano ya namna hiyo yasajiliwe mahakamani ndipo yawe na nguvu, na haya yalikuwa hayajasajiliwa. Kwa hiyo madaktari walikuwa na ahadi yenye saini na tarehe, ila haina wa kuilipa.

Chama hakikosi lawama: usajili ulistahili kudaiwa kabla wino haujakauka. Ila mzigo mzito uko kwa serikali, iliyojificha nyuma ya kasoro za mkataba uliosainiwa na maofisa wake yenyewe. Februari 2017 mahakama iliwafunga viongozi saba wa chama mwezi mmoja kwa kukaidi amri ya kusitisha mgomo. Siku mbili baadaye Mahakama ya Rufani ikaagiza waachiwe. Mgomo uliendelea hadi Machi 14, na muda wote huo mgonjwa asiye na pesa za hospitali ya binafsi ndiye aliyelipa gharama ya majadiliano asiyoalikwa.

Mkataba mpya ulipatikana 2017. Machi 2024 madaktari wakagoma tena, safari hii siku 56, na kiini kimojawapo kilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi: mkataba ulisema takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikaja na 70,000. Kiasi kilikuwa kimeshajadiliwa na kuandikwa. Kukijadili upya kila bajeti inapobana ni kumwambia mfanyakazi kwamba saini ya mwajiri wake ina msimu.

Kwenye siasa hali haina tofauti kubwa. Zanzibar ilikuwa na Muafaka wa 1999 kati ya vyama vya CCM na CUF, na bado uchaguzi wa 2000 ukavurugika na damu ikamwagika Januari 2001. Ukaja Muafaka wa pili mwaka huohuo. Maridhiano ya Rais Karume na Maalim Seif wa CUF, ya Novemba 2009, yalikwenda mbali zaidi kwa sababu hayakuachwa kwenye kauli za viongozi wawili: yalipelekwa kwenye kura ya maoni Julai 2010, theluthi mbili ya wapiga kura wakayakubali, na serikali ya umoja ikaingizwa kwenye Katiba. Hata hivyo, matokeo ya uchaguzi wa Oktoba 2015 yalipofutwa na CUF kususia marudio ya Machi 2016, umoja ulibaki jina. Sheria ikisimama peke yake, bila pande mbili kuona hasara ya kuvunja, nayo huchoka.

Ndiyo maana tumezipa nafasi ya mbele makala zinazohusu utekelezaji, ingawa hazina msisimko wa zile za mezani. Nawe msomaji uliyewahi kuketi kwenye kamati ya majadiliano, kwa upande wa chama au wa mwajiri, tuandikie kilichotokea mwaka mmoja baada ya kusaini.