Paka, Kochi na Kamba ya Mkonge

Katika nyumba nyingi za milima ya Usambara paka hufugwa kwa kazi moja inayojulikana na wote, nayo ni kuwinda panya wanaoharibu mahindi na maharage ghalani. Lakini paka huyo huyo, aamkapo usingizini, huweza kuonekana amesimama kwa miguu ya nyuma akiparua kochi mpaka kitambaa kikachanika na sponji ikatokeza. Kochi ni mali iliyopatikana kwa jasho. Haishangazi basi kwamba paka huchapwa kwa ufagio, na akirudia hufukuzwa akalale shambani. Hata hivyo, adhabu hiyo haimfundishi lolote, na katika wilaya kama Lushoto yaweza kuleta hasara iliyo kubwa kuliko thamani ya kochi.

Hapana budi kwanza kuuliza ni kwa nini paka hukwaruza. Sababu ni tatu. Kwanza, ukucha wa paka hukua kwa matabaka. Akiparua kitu kigumu, ganda la nje lililochakaa hubanduka na ncha mpya, iliyo kali, hubaki. Pili, kitendo hicho hunyoosha misuli ya mabega na mgongo, na ndiyo maana hukifanya hasa baada ya kulala. Tatu, nyayo zake zina tezi zitoazo harufu. Alama ya kucha pamoja na harufu hiyo huwatangazia paka wengine kwamba mahali hapo pana mwenyewe. Paka wa nyumbani alirithi tabia hii kwa paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, ambaye hukwaruza miti. Kwa hiyo, kukwaruza si utundu, bali ni haja ya mwili wake.

Haja ya mwili haiondolewi kwa fimbo. Paka anayepigwa hujifunza kumwogopa mpigaji, kisha huendelea kukwaruza wakati mtu huyo hayupo. Katika baadhi ya nchi watu wamediriki kuwaondoa paka makucha kabisa. Upasuaji huo si sawa na kukata kucha za mtu, kwa kuwa hukata mfupa wa mwisho wa kila kidole. Uingereza na nchi kadhaa za Ulaya zimeupiga marufuku, nao haufai kuigwa. Paka asiye na makucha hawezi kukamata panya sawasawa wala kupanda mti akifukuzwa na mbwa.

Kwa wakazi wa Lushoto, habari ya panya si ya ghalani tu. Kuanzia mwaka 1980 hadi miaka ya mwanzo ya 2000, tauni ilizuka mara kwa mara katika vijiji vya wilaya hiyo; maelfu ya watu waliugua na mamia walifariki. Vijidudu vya tauni huenezwa hasa na viroboto wa panya. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba paka ni kinga ya ugonjwa huo. Paka mwenyewe huweza kuambukizwa anapokula panya mgonjwa au kuumwa na viroboto, na huko Marekani paka wamepata kuwaambukiza watu. Hapo ndipo hatari ya kumfukuza ilipo. Paka anayelala shambani kwa njaa huishi karibu zaidi na panya wa porini na viroboto wao, kisha hurejea jikoni walipo watoto. Aliye salama zaidi ni yule anayelishwa, anayelala nyumbani na kuangaliwa viroboto.

Njia ya kumzuia asiharibu kochi ni kumpa kitu bora cha kukwaruza. Nyenzo yake haiko mbali, kwani chini ya milima hiyo, katika tambarare za Korogwe, hulimwa mkonge, zao lililoletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Nguzo za kukwaruzia zinazouzwa madukani Ulaya aghalabu huzungushiwa kamba ya mkonge. Mtu wa Lushoto aweza kujitengenezea yake kwa kipande cha gogo kisichopungua sentimeta 80, kilichopigiliwa imara juu ya ubao mpana na kuviringishiwa kamba hiyo kwa kubana. Nguzo ikiyumba, paka ataikimbia. Ikiwa fupi, hataweza kujinyoosha. Iwekwe kando ya kochi lililokwisha kuharibiwa, na kochi lifunikwe kwa nailoni nyororo kwa majuma machache. Paka akiitumia nguzo, apewe dagaa papo hapo.

Shule za sekondari zaweza kulifanya jambo hili kuwa somo la biolojia. Wanafunzi wenye paka watengeneze nguzo mbili zenye urefu sawa, moja ya mti mtupu na nyingine ya mkonge, wahesabu kwa siku 14 ni mara ngapi kila moja inakwaruzwa, kisha walinganishe matokeo darasani. Watajifunza kwamba tabia ya mnyama ina chanzo, na kwamba chanzo huchunguzwa kabla ya kutoa hukumu. Elimu ya namna hiyo itawafaa kwa mengi zaidi ya kuokoa kochi, maana hata tauni haikudhibitiwa kwa hasira, bali kwa kuwafahamu panya na viroboto wao.