Tuulizeni sisi wauza dawa

Mimi ninauza dawa Kisauni, Mombasa, na ukitaka kujua vijana wa huku wanatumia nini mwezi huu, usingoje ripoti kutoka Nairobi. Njoo usimame nyuma ya kaunta baada ya magharibi. Kuna wiki naulizwa sindano ndogo, zile za kisukari, na watoto ambao kwao hakuna mwenye kisukari. Kuna wiki sindano hazina mwenyewe, kila mtu anataka bugizi, kidonge cha usingizi, na akiikosa anataka kingine chochote bila cheti cha daktari. Vidonge siwapi; wanaenda kujaribu duka la mbele. Lakini kule kugeuka kwao ni habari tosha, na hakuna afisa aliyewahi kuniuliza.

NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, imefanya utafiti wa taifa takriban kila miaka mitano: 2007, 2012, 2017, 2022. Siudharau. Ule wa 2022 ulionyesha kwamba Magharibi ndiko pombe ilikoshika zaidi, karibu mtu mmoja kati ya wanne, na kwamba inayofuata ni Pwani. Naam, Pwani hii hii yenye msikiti kila kona. Wazee wetu hawakulifurahia hilo, ila lilistahili kusemwa. Tatizo ni miaka mitano. Halafu mdodosi anapobisha hodi nyumba kwa nyumba, mtu wa unga, yaani heroini, hayumo ndani, yuko maskani na wenzake.

Kuchelewa kumeshatugharimu. Hadi miaka ya 1990 unga wa Mombasa na Malindi ulikuwa wa kahawia: unachomwa juu ya karatasi ya fedha, moshi unavutwa. Karibu na 1999 ukaingia mweupe. Huo kwenye moto hauna maana, lakini kwenye maji unayeyuka upesi, na kinachoyeyuka hudungwa. Wauzaji walibadilisha mali tu, na watu wakahama kutoka moshi kwenda sindano. Bomba moja likawa linazunguka maskani nzima. Virusi vya Ukimwi vikafuata, na homa ya ini nayo ikaingia humo humo. Makadirio ya 2011 yalisema kati ya Wakenya 100 wanaojidunga, kama 18 wana virusi, zaidi ya mara tatu ya watu wengine. Kliniki ya Malindi ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya unga, ilifunguliwa 2015. Toa 1999 katika 2015 uone tulilala muda gani. Mimi naamini kuna mwenye duka la dawa Malindi aliyeiona ile hali mwaka wa kwanza, sindano zikimwishia bila ya wagonjwa kuongezeka.

Badala ya kuwauliza watu kama yeye, tunahesabu kilo za unga. Shehena ikinaswa baharini, picha zinapigwa, mawaziri wanatabasamu. Kilo zinatuambia polisi wamefanya kazi gani. Mtaani kumetokea nini, haziwezi kusema. Kuanzia Desemba 2010 hadi mapema 2011 unga uliadimika Mombasa na Kilifi, na watumiaji wenyewe walisema sababu ni msako. Ukisikia hivyo unadhani ni ushindi. Lakini watu wakashikwa na arosto, maumivu ya kukosa unga, bila matayarisho, wengine wakakimbilia vidonge na pombe, na waliobaki na unga wakautumia kwa njia za hatari zaidi. Hospitali ilipaswa kujua wiki ya kwanza.

Au chukua muguka, majani ya kutafunwa yanayolimwa Embu. Mei 2024 gavana wetu aliupiga marufuku, Kilifi na Taita Taveta wakafuata, watu wa Embu wakaenda mahakamani na marufuku ikasimamishwa. Wao walilia riziki, sisi tukalia watoto. Mimi sikusikia upande wowote ukitoa hesabu ya watoto wangapi, wa umri gani, mtaa upi.

Ninachotaka ni karatasi moja kila Ijumaa. Duka la dawa liandike sindano zilizouzwa na vidonge vilivyoulizwa. Kliniki ya methadoni iandike wageni wapya na bei ya kete ya unga waliyoiacha. Hospitali iandike waliofikishwa kwa pombe yenye sumu. Karatasi hiyo isomwe pia Tanga na Unguja, kwa majirani zetu wa Tanzania, na zao tuzisome sisi, maana unga unaoshushwa pwani hii haujali umeshushwa upande gani wa Vanga, pale mpakani. Wenzetu wana ya kutufunza: Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni 2011, sisi tulianza mwisho wa 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi.

Sharti langu ni moja. Karatasi iende kwa afisa wa afya wa kaunti, isipitie kituo cha polisi hata kwa kuonyeshwa. Askari wakianza kukaa karibu na kaunta yangu kuangalia nani ananunua sindano, hakuna atakayenunua, na bomba moja litarudi kuzunguka maskani. Jina la mteja silihitaji. Umri wa kukisia na mtaa vinatosha, na hivyo naweza kuanza kuandika Ijumaa hii.