Wali wa Watu 60

Kwa Mheshimiwa msimamizi wa vibali vya kuingia magofuni,

Nakuandikia mbele za watu kwa sababu barua mbili nilizokuletea kwa mkono wangu hazikujibiwa, na nakala zake ninazo, zina mhuri wa kupokelewa. Siku ninayoisema unaijua. Ni ile meli ya watalii ilipotia nanga Kilwa Masoko, wageni 60 wakashushwa waje wavuke kututembelea huku Kisiwani.

Hawakuvuka. Walifika gatini saa mbili asubuhi, wakaambiwa wasubiri namba ya malipo. Mtandao ulikuwepo. Aliyekuwa hayupo ni mwenye nywila ya kufungulia mfumo: alikwenda semina, na hakumwachia mtu. Wageni wakakaa juani mpaka saa sita, wengine wazee wa kutembelea fimbo. Nahodha alitaka watu wake wawe melini saa nane. Wakazungushwa kidogo sokoni, wakarudi walikotoka.

Ng'ambo sisi tulikwishapika. Tuliamka saa tisa usiku, wanawake 12, tukakuna nazi mpaka viganja vikauma. Mchele kilo 12. Pweza kilo 15, tumempondaponda mpaka akalainika. Samaki wa kupaka, mikate ya kumimina, madafu. Vyote kwa fedha za kikoba, shilingi 480,000, na jina lililoandikwa kwenye daftari la mkopo ni langu. Tukafunika vyakula kwa kanga, tukakaa kivulini karibu na Gereza, tukitazama mkondo. Kila boti iliyotokeza tulisimama.

Saa tisa alasiri nilifunua sufuria kubwa. Wali wa nazi hauwekeki, Mheshimiwa. Ulikwisha kuanza kuvuta utandu, na harufu ya kuchacha ikanipanda puani. Uliofaa tuliwapakulia watoto wanaotoka chuoni, uliobaki wakala kuku. Watoto walishiba, na nilifurahi kuwaona wameshiba. Lakini wali ule ulipikwa kwa deni, na deni lipo pale pale.

Wenye boti walikula hasara ya mafuta. Vijana wanaoongoza wageni walikosa ujira walioungojea miezi.

Mji huu haukuanza jana kupokea wageni. Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa jinsi alivyokuwa mkono wazi. Ameandika kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha Sultani akitoka kuswali Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa, naye akampa. Wageni 60 wa siku ile walivuka bahari kuja kuona hodhi ya pembe nane ya Husuni Kubwa na kuba za Msikiti Mkuu. Waliishia kuona benchi la ofisi yako.

Magofu haya yaliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, bahari inakula kuta na mvua inabomoa. Yalitolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2014, baada ya kazi ambayo wanakijiji tuliifanya kwa mikono yetu. Mikoko ya kuzuia mawimbi nimeipanda mimi, matope yamenifika mapajani. Leo nikiipita naiona imenizidi kimo. Tulipoitwa kubeba mawe na chokaa tulikwenda. Ilipofika zamu ya ofisi kumwachia mtu mmoja nywila, ikashindikana.

Ninachotaka ni hiki. Orodha ya abiria wa meli hujulikana mapema, basi vibali vitolewe siku moja kabla. Nywila iwe kwa watu wasiopungua wawili. Mfumo ukigoma, kitumike kitabu cha stakabadhi. Na wali wa watu 60 ulipwe, maana ofisi yako ndiyo iliyotuletea taarifa kwamba wageni watakula kwetu.

Na si vibali tu. Tunaitwa wadau siku ya mkutano, tunawekwa viti vya mbele, tunapigwa picha. Ikifika siku ya kazi hakuna anayekumbuka hata kupiga simu ng'ambo aseme jamani, msipakue, hawaji. Simu hiyo ingepigwa saa nne, wali ungeuzwa Masoko ungali wa moto, na mimi nisingekuwa naficha uso nikipita nyumbani kwa mtunza hazina wa kikoba. Wanawake 11 walinifuata kwa kuniamini. Wawili wameshajitoa.

Msimu wa meli unakaribia tena, na tayari nimesikia tutaombwa chakula. Nijibu kabla sijaenda kukopa mchele: tupike?

Mpishi, mkazi wa Kilwa Kisiwani