Mambo ya Magari: Ekseli Isiyo ya Lori Lako

Msomaji wetu mmoja, mkulima wa maembe upande wa Ngao, ametuletea barua ndefu yenye swali fupi. Lori lake, Bedford kuukuu ya tani saba, lilivunjika shafti ya nyuma katika njia ya shambani, kabla ya kufika lami ya Minjila, likiwa na shehena ya ngowe zilizokuwa zikingojewa Malindi. Nusu ya maembe yaliozea garini. Mwenyewe akapanda basi hadi Mombasa, akanunua ekseli nzima iliyokwisha kutumika, akaileta, ikafungwa chini ya springi bila taabu. Walakini tangu siku hiyo lori limekuwa dhaifu. Likipanda ukingo wa mto na mzigo, injini hulemewa na klachi hunuka, na sasa klachi yenyewe imeungua. Auliza: je, aliuziwa kitu kibovu?

La, Bwana. Kwa jinsi ulivyotueleza, uliuziwa kitu kizima, lakini si cha lori lako.

Kwa bahati njema fundi wako alihesabu meno. Ndani ya difu mna magurudumu mawili ya meno: dogo, liitwalo pinioni, ambalo huzungushwa na propela itokayo kwenye gia, na kubwa, liitwalo krauni, ambalo huzungusha shafti mbili za magurudumu. Krauni yako ya zamani ilikuwa na meno 39 na pinioni yake 6. Gawanya, utapata sita na nusu. Maana yake propela huzunguka mara sita na nusu ili gurudumu lizunguke mara moja. Ekseli uliyoinunua ina meno 41 kwa 7, yaani haifiki hata sita. Hiyo ni ekseli ya lori la kwenda mbio katika barabara njema. Umepoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu za kuvuta, na sehemu hiyo ndiyo uliyokuwa ukiitumia kutoka matopeni. Tena jihadhari na mwendo, kwa kuwa saa ya mwendo huendeshwa na sanduku la gia wala haijui habari za ekseli mpya. Sindano ikionyesha 60, lori limekwisha kupita 66.

Mtu aendaye kutafuta ekseli na asiweze kuifungua difu, apime hivi. Gurudumu la upande mmoja lizuiwe lisizunguke hata kidogo, kisha lile la upande wa pili lizungushwe mara mbili kamili, huku mtu mwingine akihesabu mizunguko ya pinioni kwa alama ya chokaa. Hesabu atakayoipata ndiyo hesabu ya ekseli. Kazi hiyo haimalizi dakika tano, na muuzaji mwaminifu hatamkataza. (Kwa ile iliyovunjika shafti njia hii haifai, hiyo hapana budi ifunguliwe na meno yahesabiwe.)

Hesabu peke yake haitoshi. Yafaa kuchukua pia upana kati ya vikalio vya springi, idadi ya bolti za gurudumu na umbali wake, upana wa ngoma za breki, na urefu wa kila shafti, kwa maana katika malori mengi difu haikai katikati na shafti ya kushoto si sawa na ya kulia. Meno ya ncha ya shafti yahesabiwe, na unene wake upimwe. Lililo bora kuliko yote ni kuichukua shafti yenyewe iliyovunjika, vipande vyote viwili, ndani ya gunia. Watu wa basi watanung'unika, waache wanung'unike.

Tunasema hivi kwa sababu magari haya hayana tena mwenyewe. General Motors iliacha kuunda malori ya Bedford huko Uingereza mwaka 1986, na kile kiwanda cha Nairobi kilichokuwa kikiunganisha Bedford na Isuzu pamoja, tangu 2017 kinaitwa Isuzu East Africa. Kwa hiyo anayetafuta spea za zamani hategemei duka lenye orodha ya namba. Hutegemea malori yaliyokufa, mafundi wa jua kali, na wauza vyuma wa Mombasa au wa Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, ambayo wazee huiita Grogan hata leo. Huko chuma ni kingi, ila kila kipande kimetoka katika gari lake, na macho ya mnunuzi ndiyo dhamana yake.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo barua haikuuliza, nalo ndilo kubwa zaidi. Shafti ya kwanza ilivunjwa na nini?

Bwana, ukiokote kile kipande ulichokiacha nyuma ya gereji ukitazame mahali kilipokatika. Ikiwa uso wote unang'aa na una chembechembe mpya, na meno ya ncha yamesokotwa kama kamba, basi ilikatika kwa nguvu ya ghafula. Mara nyingi huwa hivi: gurudumu moja limezama katika udongo mweusi wa delta na linazunguka bure, dereva akanyaga mafuta kwa hasira, kisha gurudumu likashika ardhi ngumu kwa mara moja. Hapo kosa ni la mguu wa dereva, na jembe na matawi vingalitosha. Lakini ikiwa sehemu ya uso ni laini na nyeusi, na sehemu iliyobaki ndiyo mpya, basi ufa ulianza miezi mingi kabla. Kasha la ekseli huenda limepinda kwa kupakiwa kupita kiasi, nalo huikunja shafti kidogo katika kila mzunguko, kama mtu avunjaye waya kwa kuukunja huku na huku. Ukifunga shafti mpya katika kasha lililopinda, itakatika upande ule ule.

Kuhusu uzito, wengi husema kwamba sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 yaruhusu tani 10 juu ya ekseli moja yenye magurudumu manne. Ni kweli, lakini kipimo hicho chailinda barabara. Hakisemi lolote juu ya ekseli ya lori lililoundwa kubeba tani saba.

Kisha kuna maji. Mto Tana ulifurika vibaya 1961, tena 1997, tena mwishoni mwa 2023 na katika masika ya 2024, na hata katika mwaka wa kawaida njia za mashamba hukatwa na maji. Lami yatoka Malindi hadi Garsen na kuendelea Witu na Lamu, lakini maembe hayaoti kando ya lami. Difu iliyopata moto ikiingia majini hupoa kwa ghafula, hewa ya ndani hujikusanya, na maji hufyonzwa kupitia tundu la pumzi au sili zilizochakaa. Oili ikawa nyeupe kama tui. Oili ya namna hiyo hailindi meno wala beringi, na kwa siku chache tu huanza kula chuma. Basi baada ya kuvuka maji, acha lori litulie usiku kucha, kisha asubuhi legeza kidogo bolti ya chini ya difu. Maji hutangulia kutoka, kwa kuwa ni mazito kuliko oili.

Yamebaki mashauri kwa lori lako. Usiuze ekseli mpya wala usiitupe ya zamani. Ikiwa kasha la zamani halikupinda, na krauni na pinioni yake ni nzima, tafuta shafti moja tu ya kufanana na ile, urudishe ekseli ya kwanza mahali pake. Ukiambiwa uchukue krauni ya huku na pinioni ya kule, kataa. Hizo husagwa pamoja kiwandani, mara nyingi na namba moja hupigwa juu ya zote mbili, na zikitenganishwa hulia kisha hulana. Wala usikubali shafti iliyounganishwa kwa kulehemu. Moto huondoa ugumu wa chuma, nayo itakufikisha Minjila tu. Kabla ya kufunga, vipande vyote vya shafti iliyokatika vitolewe ndani ya difu na kasha lioshwe kwa mafuta ya taa, kisha sili mpya, na oili ya gia nambari 90 iliyo maalumu kwa difu, si ile ya injini.

Msimu wa ngowe haujafika. Ukianza wiki hii utawahi.