Visiwa viwili kwa siku moja: bi harusi, uliza dakika kabla ya kulipa



Tangu Idi imalizike, swali moja linanijia kuliko hata la hina na la nguo ya walima: "Dada, mume wangu ametumiwa tangazo la magofu ya Kilwa. Visiwa viwili siku moja, boti, chakula na mwongozaji humo humo. Tuende?" Wengi wanaouliza ni wa huku kwetu, Nyegezi, Mkolani na Butimba, na wengine wa Ukerewe. Ziwa tumelizoea tangu utotoni. Bahari ya Hindi, na mji wa Waislamu uliojengwa kwa mawe ya matumbawe karne nyingi zilizopita, hilo ni jambo jingine, na sishangai kwamba maharusi wanalitamani.

Jibu langu halijabadilika. Kilwa nenda. Visiwa viwili kwa siku moja, kwa bi harusi aliye kwenye fungate, usinunue. Chukua Kilwa Kisiwani peke yake, na Songo Mnara iache kwa safari nyingine Mungu akijaalia.

Nieleze kwa nini, maana najua bei inavyovutia. Tangazo likisema "vituo nane" na jingine likisema "vituo vitatu" kwa pesa inayokaribiana, mtu anaona vituo nane ndiyo faida. Lakini mle ndani ya boti hununui vituo, unanunua saa za mchana, na hizo ni zile zile kwa kila mtu. Tuhesabu. Boti inatoka Kilwa Masoko saa 2 asubuhi. Kuvuka kwenda Kisiwani si mbali, ni kama kilomita 2 tu za maji. Hapo kuna Gereza, ile ngome waliyoianza Wareno mwaka 1505 na ambayo Waomani waliijenga upya baadaye. Kuna Msikiti Mkuu, kuna msikiti mdogo wenye makuba, kuna Makutani na kuta zake kubwa, na kuna Husuni Kubwa upande wa mashariki, ambako unakwenda kwa miguu. Husuni Kubwa ni jumba la vyumba zaidi ya 100 juu ya jabali linalotazama bahari, lenye birika la pembe nane. Mtu akitaka kuviona hivi kwa utulivu, asubuhi yote imekwisha.

Sasa ongeza Songo Mnara. Iko kusini zaidi, na boti inachukua muda mrefu kuliko kule kuvuka kwa kwanza. Kule kuna misikiti mitano na nyumba nyingi za mawe ambazo bado zimesimama kuta, na mimi nasema wazi kwamba ni pazuri mno. Lakini maji yakiwa yametoka, boti haifiki ukingoni. Unashuka na kutembea ndani ya maji na matope kati ya mikoko, na buibui lako umelishika mkononi. Halafu kurudi: msimu wa kaskazi unarudi ukipigana na upepo, na boti inaruka. Ili yote haya yaingie kwenye siku moja, mwongozaji lazima akate mahali. Anakata pale anapoona wageni hawatalalamika, yaani kwenye kukaa, kwenye kupumua, na kwenye swala.

Hapo kwenye swala ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu wengi wanajifariji kwa neno "msafiri". Wanasema, sisi tumetoka Mwanza, zaidi ya kilomita 1,000, tutapunguza na kukusanya, hakuna shida. Ni kweli, ruhusa hiyo ni zawadi ya Mwenyezi Mungu kwetu. Lakini sisi wengi hapa tunafuata madhehebu ya Imamu Shafii, na humo msafiri akinuia kukaa mahali siku 4 kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, hukumu ya usafiri inamwondokea pale anapofika. Maharusi wengi wanalipia hoteli ya Kilwa Masoko siku 6 au 7. Basi siku ya boti wewe ni mkazi, na Kisiwani ni pua na mdomo. Adhuhuri ni rakaa nne kwa wakati wake, na alasiri ni rakaa nne kwa wakati wake. Aliyekuja kwa siku mbili na kuondoka, huyo ana ruhusa yake. Muulize ustadhi wako kabla ya safari kuhusu hali yako wewe, si ya shoga yako.

Hata ukiwa mkazi, muda wa kuswali upo. Adhuhuri inaingia baada ya saa 6 mchana na inaendelea hadi baada ya saa 9. Kinachokosekana ni mtu wa kusimamisha msafara. Katika kundi la watu kumi na wawili, ambao sita si Waislamu na wengine wanne wanasema wataswali wakirudi hotelini, bi harusi mgeni mwenye haya hawezi kuinua mkono na kusema "nisubirini". Nimeyasikia haya kwa zaidi ya mmoja. Mume naye ni mpya, hajui bado kama wewe ni wa kusema au wa kunyamaza. Mnatazamana, boti inang'oa nanga.

Na udhu. Kwa Kishafii, ngozi ya mume ikigusana na ya mke udhu wa wote wawili unatenguka. Mama zetu wameishi na hukumu hii miaka mingi, lakini bi harusi wa siku ya tano hajaizoea. Anapewa mkono kushuka botini, anapewa mkono kupanda ngazi ya Husuni, anashikwa bega kwenye picha. Hakuna ubaya wowote, ni mume wake na hii ni fungate yake! Ila ajue atahitaji maji, zaidi ya mara moja, mahali ambapo hakuna bomba. Beba chupa kubwa ya maji ya udhu mbali na ya kunywa. Na kama umebandika kucha, hayo tutayazungumza siku nyingine.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona tangazo lolote likilitaja. Kilwa tunaita magofu, lakini sehemu kubwa ya yale magofu ni misikiti. Wanazuoni wa Kishafii wanasema ardhi iliyowekwa wakfu kuwa msikiti inabaki msikiti hata jengo likianguka. Maana yake dada aliye kwenye hedhi hakai ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa, hata kama paa lake nusu halipo na mbuzi wanapita. Sasa fikiria umelipia siku ya Alhamisi wiki tatu kabla, na Alhamisi imefika na hali imebadilika. Kwenye safari ya haraka utashinda umesimama nje na miwani yako, ukitazama migongo ya watu. Kwenye safari ya wawili na mwongozaji wenu mnaweza kusogeza siku, au kutumia muda mwingi Husuni Kubwa na Gereza, ambako hakuna tatizo hilo. Ukipanga harusi unahesabu tarehe zako. Basi zihesabu na hapa.

Na picha. Nitasema ninachofikiri na anayechukia anisamehe. Mihrabu si pazia la studio. Siku hizi naona picha za maharusi wamesimama kwenye mihrabu za zamani, bwana amemshika bibi kiuno, na chini yake maneno ya mapenzi. Mihrabu ile ni mahali ambapo imamu aliwasalisha watu wa Kilwa karne baada ya karne. Ibn Battuta alifika mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake, na akaandika kwamba watu wake walikuwa wa madhehebu ya Shafii, kama sisi. Anasimulia fakiri wa Yemen aliyemsimamisha sultani njiani akitoka kuswali Ijumaa na kumwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia, akavaa nyingine, akampa zile. Unapokwenda Kilwa unakwenda kwa watu wa namna hiyo. Kuna matao, kuna ukingo wa jabali pale Husuni, kuna minazi na bahari, piga picha hadi simu ijae. Mihrabu iache.

Hiki ndicho safari iliyojaa inachokinyima: huna nafasi ya kuelewa uko wapi. Msikiti Mkuu una sehemu mbili. Ya kaskazini ni ya zamani zaidi, ndogo, na ya kusini iliongezwa baadaye kwa matao na makuba mengi, mji ulipokuwa umetajirika kwa dhahabu iliyopita Sofala. Pembeni kuna mahali pa udhu na kisima. Ukipewa dakika 20 utaona mawe. Ukipewa saa moja utaanza kuona watu wakitawadha, wafanyabiashara wakiingia na mchanga miguuni, wanafunzi wakikaa na sheikh wao. UNESCO waliviingiza visiwa hivi viwili katika urithi wa dunia mwaka 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 vilikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kwa jinsi kuta zilivyokuwa zikibomoka. Mahali palipoponea chupuchupu namna hiyo panastahili saa yako moja.

Sasa mwili. Fungate maana yake ni siku saba, na bibi zetu hawakumfungia bi harusi ndani kwa ukali tu. Ametoka kwenye wiki ya singo, hina, usiku wa kutolala, chakula kisicholiwa kwa wasiwasi, wageni, machozi ya kuaga. Ukitoka Nyegezi kwa basi, umekaa kwenye kiti siku nzima na usiku hadi Dar es Salaam, kisha unatafuta gari la kusini Mbagala na kwenda kilomita 300 nyingine. Siku inayofuata unaamshwa alfajiri kupanda boti kwa saa kumi? Mengine ya mwili wa bi harusi kungwi wako ameshakueleza na sitayarudia hapa, ila boti isiyo na choo inayoruka mawimbini si mahali pa mtu wa siku ya pili. Kama lazima safari ndefu, iwe siku ya nne au ya tano.

Je, hakuna anayefaa safari ya visiwa viwili? Yupo. Dada aliyeolewa miaka kumi, anakwenda na mume wake na watoto wakubwa, anajua kusema "simameni niswali". Mwalimu wa historia ambaye ndoto yake ni kuona vyote na hajui atarudi lini. Kikundi cha kina dada wa madrasa wanaokodi boti nzima na mahram zao, ambapo ratiba ni yao na adhana ni yao. Hao nawaambia nendeni, mtafurahi. Tofauti ni nani mwenye kuamua boti isimame saa ngapi.

Wanaofikia Dar na hawataki kwenda mbali huuliza kuhusu Kaole, karibu na Bagamoyo. Ni safari nyepesi, na magofu ni machache: misikiti miwili na makaburi yenye nguzo, pembeni ya mikoko. Nusu siku inatosha. Ila hapo mwongozaji anaweza kukupeleka kwenye mbuyu na kukuambia ukiuzunguka utaongezewa miaka, na kwenye kaburi la Sharifa ambapo watu huacha sadaka na kuomba haja zao. Msikilize kama unavyosikiliza hadithi, mtakie marehemu rehema kama sunna inavyotufundisha, na haja zako mwombe Mola wako. Usione haya kukataa kuzunguka mti mbele ya kundi. Na bwana akisema "si mchezo tu?", hapo ndipo mtaanza kujuana.

Kabla hujatuma pesa, mpigie anayeuza safari na umuulize: Msikiti Mkuu tunakaa dakika ngapi? Adhuhuri itatukuta wapi, na boti itasimama? Maji yatakuwa yamejaa au yametoka tukifika, na tutashuka wapi? Tutakuwa watu wangapi? Kibali na ada ya kuingia, ambavyo hulipwa Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, vimo kwenye bei? Raia analipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo wote wawili chukueni vitambulisho vya taifa. Akijibu la swala kwa "msijali, tutaona huko huko", tafuta mwingine.