Filamu ya kizamani, somo la wodini (sehemu ya 3)

Mama zangu, mnaocheka The Last Man on Earth ya 1964 eti wale wafu wanatembea kama walevi, hapana jamani. Ni ya bei chee, haina rangi, ilirekodiwa Italia, Vincent Price karibu yuko peke yake. Sawa. Ila tazameni pale binti yake Kathy yuko hoi kitandani, na baba, mwanasayansi mzima, anamkataza mkewe asimwite daktari! Anajua mtoto akifa, lori linambeba kwenda kuchomwa shimoni. Hakuna kuaga.

Hapo siogopi wafu, naogopa sisi manesi. Tukimfokea mama "ulikuwa wapi siku zote?", homa ikirudi anamficha mtoto ndani. Halafu tunamwita mzembe.