Wanafunzi Wetu na Safari ya Dodoma

Bwana Mhariri,

Nakuomba, kwa hisani yako, nafasi ndogo katika gazeti lako nieleze yaliyonikaa moyoni tangu nilipofuatana na mjukuu wangu na wenzake wa darasa la sita, kutoka Pangani hadi Dodoma, katika ile iitwayo safari ya mafunzo.

Bungeni tulipokewa kwa taadhima. Na Spika alipowataja wanafunzi wetu waliokaa jukwaa la wageni, wakasimama, nao Wabunge wakawapigia meza, niliziona nyuso zile zikinawiri kama za maharusi. Lakini haikutimia nusu saa tukatolewa, tukapakiwa basini, na saa zilizosalia zikapotelea madukani, hali hakuna aliyewaambia watoto kwamba mji ule haukupata kuwa makao makuu kwa sudi tu, bali kwa uamuzi wa TANU wa mwaka 1973, uliokusudia serikali ikae katikati ya nchi. Wala kwamba jina lenyewe, kwa masimulizi ya Wagogo, latokana na ndovu aliyedidimia topeni. Kisa hicho nilikisimulia mimi njiani, na nakiri kwamba ndovu nilimwongezea ukubwa.

Wahusika nawasitiri. Rai yangu ni kwamba safari ijayo iwe ya siku mbili, aalikwe mzee wa Kigogo azungumze nao, kisha wapelekwe mashamba ya zabibu, maana mjukuu wangu hadi leo adhani zabibu huzaliwa zimekwisha kukauka.

Wasalaam,
Babu wa Pangani